Huruma Yenye Kuuliza

Mahubiri juu ya Matendo ya Mitume 6:1–7



Mwezi huu twapenda tufikiri pamoja jambo moja ambalo Wakristo wengi hudhani wamekwisha kulijua, nalo ni jinsi ya kumsaidia mgeni aliye katika taabu. Hatuulizi kama yatupasa kumsaidia. Neno hilo Bwana wetu alilikata mwenyewe, aliponena habari za siku ya hukumu katika Mathayo 25, wala hakuna rufani juu ya hukumu yake. Twauliza neno la pili: Tumsaidieje, hata msaada wetu uwe msaada kweli, usiwe mzigo mwingine juu ya ule alio nao?

Wako wasemao kwamba mtu mwenye moyo mwema hana haja ya kufundishwa neno hili. Na atoe alicho nacho, Mungu atakibariki. Sisi nasi tulikuwa na mawazo hayo, mpaka Mungu alipotuaibisha. Tutawaeleza kwanza aibu yetu, kisha tutalifungua somo.

Katika mwezi wa Mei mwaka 2015 watu wa Burundi walikimbia machafuko ya nchi yao. Makumi ya maelfu walivuka mpaka wakakusanyika Kagunga, kijiji kidogo cha Kigoma kilicho ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mahali pembamba kati ya maji na milima mikali. Meli ya Liemba, ile ya zamani iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, iliwachukua kwa mamia kila safari hata mjini Kigoma, na kutoka huko wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Lakini watu walikuwa wengi kuliko nafasi ya meli. Walilala nje, wakanywa maji ya ziwa, na kipindupindu kikaingia kati yao. Watu wapatao 30 walikufa kabla ugonjwa haujazuiwa.

Habari hizo zilipofika katika usharika tuliokuwa tukiutumikia, mioyo ya watu iliguswa sana. Akina mama walikusanya fedha, hata wengine wakatoa fedha ya mboga ya juma zima. Wakanunua maziwa ya unga, makopo mengi, pamoja na chupa za kunyonyeshea watoto. Tukayaombea matoleo hayo mbele ya madhabahu, tukasafiri nayo kwa furaha. Tulipofika, muuguzi mmoja alitupokea kwa heshima, akatukalisha, akatushukuru. Kisha akayakataa maziwa.

Twakiri mbele yenu kwamba tulikasirika. Tulisema moyoni, Mtu huyu ni nani hata akatae sadaka ya wajane? Mama mzee mmoja aliyekuwa pamoja nasi alilia machozi. Lakini muuguzi hakujibu hasira yetu kwa hasira, bali alitufundisha kwa upole. Alisema, "Mtoto anyonyaye maziwa ya mama yake anapata chakula na kinga pamoja. Akizoezwa chupa, maziwa ya mama hupungua, hata hukauka. Na hapa maji yana ugonjwa, kuni ni haba, hakuna wa kuichemsha chupa mara sita kwa siku. Makopo haya yatakwisha, na siku hiyo mtoto hatakuwa na kopo wala ziwa. Watoto wasio na mama tunawajua kwa majina, nao twawapa maziwa kwa kipimo na kuwaangalia kila siku. Mmeleta kwa upendo, lakini mtoto hanywi upendo wenu. Anakunywa maji yaliyomo ndani ya chupa."

Ndipo yule mama mzee akafuta machozi, akafanya jambo ambalo sisi mchungaji wake hatukulifanya. Alikwenda akaketi chini karibu na wanawake wa Burundi. Kirundi hakukijua, lakini mmoja wao alijua Kiswahili. Akawauliza, "Wanangu, mmepungukiwa na nini?" Wakamjibu kwamba wahitaji ndoo zenye vifuniko, ili maji waliyoteka yasichafuke, na vitambaa vya kujihifadhi wakati wa siku zao, na taa katika njia ya kwenda chooni, maana usiku waliogopa wanaume waovu, hata wengine hawakwenda kabisa. Kisha yule ajuaye Kiswahili akaongeza neno ambalo hatujalisahau: "Mama, wewe ndiwe wa kwanza kutuuliza."

Basi tukarudi na makopo yetu. Mwenye duka aliyapokea kwa bei ya chini, tukanunua ndoo na vitambaa na taa. Sadaka haikupotea, ila kiburi chetu kilipotea njiani, na hiyo ilikuwa faida.

Sasa na tulitazame somo letu. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa changa, limejaa Roho Mtakatifu. Watu waliuza mashamba na kuleta fedha miguuni pa mitume, na kila siku chakula kiligawiwa. Walakini wako wajane waliosahauliwa. Hao walikuwa wajane wa Wayahudi wasemao Kiyunani, watu ambao asili yao ilikuwa ugenini, wasio na ndugu wengi mjini, wala lugha yao haikuwa lugha ya wagawaji. Luka hasemi kwamba mtu aliwachukia. Hasemi kwamba mtu aliiba. Upendo ulikuwapo, chakula kilikuwapo, na hata hivyo wajane hao walirudi nyumbani mikono mitupu. Lifikirini neno hili, ndugu. Kanisa lile, lenye mitume kumi na wawili waliokula pamoja na Bwana, lilikosa katika mgawo. Je, sharika zetu zitajisifu kwamba hazikosi?

Mambo matatu twayaona katika jinsi mitume walivyolitengeneza kosa hilo.

Jambo la kwanza: Walisikia manung'uniko.

Wenye njaa walinung'unika, nao mitume hawakuwaambia kwamba ni watu wasio na shukrani. Walilipokea neno lao kuwa habari ya kweli, ya kuchunguzwa. Sisi mara nyingi twataka maskini ashukuru tu. Akisema unga una wadudu, twamwita mkaidi. Akisema kwamba mzee wa kambi hugawa posho kwa jamaa yake kwanza, twamwambia anyamaze asije akaleta fitina. Lakini wazee wetu walisema, Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Alalaye juu ya kitanda cha ukimbizi ndiye ajuaye kunguni wake, wala si sisi tuliokileta kitanda.

Tena tazameni mfano wa Ayubu. Alipozikumbuka siku za heri yake katika sura ya 29, hakusema kwamba alitoa tu. Katika mstari wa 16 asema alikuwa kama baba kwa wahitaji, tena kwamba mambo ya mtu asiyemfahamu aliyachunguza. Baba hamtupii mtoto chakula akaenda zake. Humtazama kama amekula, kama amekitapika, na kama ndugu yake mkubwa amemnyang'anya. Basi kuchunguza si kazi ya wasomi peke yao, wala si ukosefu wa imani. Ni kazi ya ubaba.

Jambo la pili: Waliweka utaratibu wenye hekima.

Mitume walitaka watu walioshuhudiwa kuwa wema, wenye Roho na hekima. Vyote viwili, ndugu. Roho bila hekima huleta makopo ya maziwa penye kipindupindu, na hekima bila Roho huhesabu watu kama magunia.

Mtu atasema, Hayo ya Yerusalemu ni ya zamani sana. Basi sikieni yaliyotukia karibu nasi. Mwezi wa Aprili mwaka 1994, wakati wa mauaji ya halaiki ya Rwanda, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja tu, wakakaa Benaco. Na mwezi wa Julai mwaka uo huo, watu wapatao milioni 1 waliingia Goma, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati ule. Nchi ya Goma ni mwamba mgumu uliotoka katika milima ya moto. Hata choo hakichimbiki kwa urahisi, wala kaburi. Wakanywa maji ya Ziwa Kivu, na kipindupindu na kuhara damu vikawaua. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000. Benaco taabu ilikuwa kubwa, lakini vifo havikuwa vingi kama vile.

Misaada ilifika Goma kutoka pande zote za dunia. Lakini waganga waliochunguza baadaye waliona mambo ya kutia huzuni. Wengi wa wahudumu walikuwa hawajapata kumtibu mtu wa kipindupindu, na wagonjwa walicheleweshewa maji ya kunywa ambayo yangewaponya. Tena chakula kiligawiwa kwanza kwa mikono ya viongozi waliokuja na watu wao, na kati ya viongozi hao walikuwamo walioongoza mauaji. Hao walijitajirisha kwa posho ya wenye njaa na kuzidi kuwatawala. Na waganga walipowapima watoto, waliona kwamba udhaifu wa njaa ulizidi katika nyumba ambazo mkuu wake ni mwanamke asiye na mume. Je, mwaona? Ni wale wale wa Matendo 6, wajane waliosahauliwa katika mgawo wa kila siku, baada ya karibu miaka 2,000.

Lakini Mungu ashukuriwe, kwa maana wako watu waliotubu, si kwa maneno tu bali kwa kazi. Mwaka 1994 Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada yalikubali kanuni 10 za kuwaongoza. Mwaka 1996 serikali nyingi pamoja na mashirika yalitoa uchunguzi mkubwa wa makosa na mema ya kazi ile ya Rwanda. Na mwaka 1997 wakaanza kutunga kitabu kiitwacho Sphere, kinachoeleza kipimo cha chini ambacho mtu aliye katika maafa asipunguziwe. Kwa mfano: kila mtu apate walau lita 15 za maji kwa siku, bomba lisiwe mbali zaidi ya mita 500, choo kimoja kitumiwe na watu wasiozidi 20, tena kiwe salama kwa mwanamke na mtoto, na chini ya paa kila mtu awe na nafasi ya mita za mraba 3.5. Kitabu hicho chasema pia kwamba wenye taabu waulizwe, washirikishwe, na wawe na njia ya kupeleka malalamiko yao bila hofu.

Yamkini mwinjilisti mmoja atauliza, Hesabu za maji na vyoo zina nini na Injili? Twamjibu hivi: Kila hesabu hiyo ilinunuliwa kwa makaburi. Mtu akikuambia lita 15, jua kwamba wako waliokufa kwa kupata chache zaidi. Kuidharau hesabu hiyo ni kudharau vifo vyao, na kutaka wengine wafe ili sisi nasi tujifunze upya.

Katika kanuni zile 10 ziko mbili zinazotuhusu sisi hasa wahubiri: msaada utolewe kwa kadiri ya haja, bila kutazama kabila wala dini, wala usitumiwe kuwavuta watu katika imani. Je, tusihubiri basi? La hasha! Tuhubiri, tena kwa bidii; ila tusihubiri na sahani mkononi. Mwenye njaa ataitikia lo lote ili mtoto wake ale. Ukipata Amina ya namna hiyo, umepata nini? Bwana wetu aliwaponya wakoma kumi, tisa wasirudi. Hakuwanyang'anya uponyaji wao. Sadaka yetu na iwe kama mvua ya Mungu, ambayo haiulizi shamba ni la nani.

Jambo la tatu: Waliwapa wageni kazi ya kugawa.

Someni majina ya wale saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, na Nikolao wa Antiokia. Majina hayo yote ni ya Kiyunani. Yaani, kusanyiko lilitazama ni upande gani ulionung'unika, nao wakachagua watu wenye majina ya upande huo huo, wakawatia mikononi mwao meza yote, ya wajane wa Kiyunani na ya wajane wa Kiebrania. Hawakusema, Tutawaongezea kidogo. Waliwapa ufunguo wa ghala. Na angalieni mwisho wa somo: neno la Mungu likaenea, na hesabu ya wanafunzi ikazidi, hata makuhani wengi wakaitii imani. Utaratibu wa mgawo haukuizuia Injili, uliifungulia mlango.

Sisi Walutheri tuna deni la pekee hapa. Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilipoundwa mjini Lund, Uswidi, mwaka 1947, baada ya vita kuu ya pili, ilihesabiwa kwamba katika kila Walutheri sita ulimwenguni mmoja alikuwa mkimbizi, au mtu aliyeng'olewa kwao. Waliolala njiani walijua shida za njiani, na kazi ya wakimbizi ikawa ya kwanza katika kazi zao. Mwaka 1964 tawi la kazi hiyo lilifika kwetu, ilipoanzishwa Huduma ya Kikristo kwa Wakimbizi ya Tanganyika, iitwayo TCRS. Kwa hiyo mkimbizi si mtu wa kusaidiwa tu. Yeye ni mwalimu, mkunga, fundi, mwimbaji, mzee wa kanisa. Tukimnyima kazi twajinyima sisi wenyewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mithali hii twaisema mara nyingi, lakini ni wangapi kati yetu waliomruhusu mgeni awaponye?

Hata hapa tumesema habari za wakimbizi wenye kambi. Lakini wako wageni wengine wapitao katika nchi yetu bila kambi na bila jina. Ni vijana watokao Ethiopia, wengi wao katika nchi za Hadiya na Kambata za kusini, wanaokwenda Afrika ya Kusini kutafuta kazi. Huuza ng'ombe na ardhi ya baba zao ili kuwalipa wasafirishaji, nao hufungiwa ndani ya malori kama mzigo. Mwezi wa Juni mwaka 2012 maiti za watu zaidi ya 40 zilikutwa porini Chitego, wilaya ya Kongwa, mkoa wa Dodoma. Walikosa hewa ndani ya lori, na dereva akawashusha wafu na wazima pamoja, akaenda zake. Na mwezi wa Machi mwaka 2020, huko Tete katika Msumbiji, maiti 64 zilikutwa ndani ya kontena la lori. 14 tu walikuwa hai.

Kijiji chako, ndugu msomaji, huenda kiko kando ya njia hiyo. Siku moja alfajiri utaambiwa kwamba wako watu shambani, hawajui Kiswahili, midomo imepasuka kwa kiu. Utafanya nini? Wako watakaokimbia na fimbo. Wako watakaowanyang'anya simu na fedha. Wako watakaopiga picha za watu walio uchi kwa taabu, na kuzituma huku na huku kwa kicheko. Kuhani na Mlawi wa Luka 10 walipita kando tu. Hawa ni wabaya kuliko hao.

Sikieni basi shauri letu. Kwanza toeni maji, kidogo kidogo na mara kwa mara. Aliyeishiwa maji mwilini, akiwa anajiweza kumeza, mfanyieni maji ya dawa: lita 1 ya maji safi, sukari vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko. Aliyeshinda na njaa siku nyingi msimshibishe ugali na nyama kwa mara moja, kwa maana huruma hiyo yaweza kumwua. Mpeni uji mwepesi, na mganga amwone upesi. Aliyezimia msimtie kitu kinywani, mkimbizeni zahanati.

Pili, hatuwaambii mvunje sheria ya nchi. Msifiche watu, wala msiwavushe kwa fedha, maana ndivyo wafanyavyo wale waliowaua. Mwiteni mwenyekiti wa kijiji na wakubwa wanaohusika. Lakini msidhani kwamba mkiisha kuwaita mmemaliza. Mchungaji au mwinjilisti na afuatane na wageni hao. Aulize: Je, yuko mtoto kati yao, asije akafungwa pamoja na watu wazima? Je, yuko aogopaye kurudishwa kwao kwa kuwa atauawa? Huyo ana haki ya kusikilizwa, kwa maana tangu Mapatano ya Wakimbizi ya mwaka 1951 mataifa yamekatazwa kumrudisha mkimbizi mahali ambapo uhai wake uko hatarini. Na wakitiwa gerezani, tuwatembelee. Katika Mathayo 25 mfungwa na mgeni wametajwa pamoja. Tumtafute ajuaye lugha yao, tupeleke habari kwa jamaa zao. Iko mama huko Ethiopia asiyejua kama mwanawe yu hai.

Huko kusini mwa Ethiopia wako Wakristo wengi wa Kiinjili, na Kanisa la Mekane Yesus ni la Kilutheri kama sisi. Huenda kijana uliyemkuta shambani alibatizwa kama wewe. Lakini usimwulize hilo kabla hajanywa.

Sasa, wapendwa, yatupasa kujilinda na hatari moja. Mtu aweza kuyasoma haya yote akasema, Kazi ya rehema imekuwa ngumu mno. Afadhali nisitoe, nisije nikakosa. Hilo ni shauri la yule mtumwa aliyeificha talanta yake ardhini. Wale akina mama wa usharika wetu walikosa katika maziwa, lakini kama wasingalisafiri, wasingaliuliza. Na kama wasingaliuliza, zile ndoo zisingalifika. Akosaye kwa kupenda, kisha akakubali kufundishwa, yu karibu na ufalme kuliko asiyekosa kwa kuwa hatendi.

Wala hatuokolewi kwa utaratibu mwema, wala kwa ndoo, wala kwa hesabu za maji. Twaokolewa kwa neema tu, kwa ajili ya Kristo. Lakini itazameni neema hiyo jinsi ilivyotujia. Katika Marko 10 kipofu Bartimayo alipiga kelele kando ya njia ya Yeriko, na makutano wakamnyamazisha. Yesu akasimama. Macho yale yaliyopofuka kila mtu aliyaona. Haja yake ilikuwa wazi kama jua. Na hata hivyo Bwana, ajuaye yote, alimwuliza anataka afanyiwe nini. Mwana wa Mungu hakuona aibu kumwuliza mwombaji! Alimpa heshima ya kusema haja yake kwa kinywa chake mwenyewe, kabla ya kumpa macho. Naye Bwana huyo hakutuma rehema yake kwetu kama shehena kutoka mbali. Alikuja mwenyewe, akapiga hema kati yetu, akachukuliwa usiku kwenda Misri kama mtoto wa mkimbizi, akala chakula chetu, akafa kifo chetu. Alikilalia kitanda chetu, akawajua kunguni wake.

Basi twawaachia wazee wa sharika maswali manne ya kuulizana katika baraza lao. Sadaka yetu ya rehema, je, tuliwauliza wapokeaji kabla ya kuitoa? Tulipokwisha kuitoa, je, tulirudi kutazama imetenda nini? Mwenye kusahauliwa katika mgawo wetu ni nani, na atamwambia nani bila kuogopa? Na je, yuko mgeni hata mmoja kati ya wagawaji?

Mkiona kwamba majibu yenu ni haya kama yalivyokuwa yetu, msikate tamaa. Mama mmoja mzee aketiye chini na kuuliza aweza kuanza upya kazi ya usharika mzima.

Na tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyekuwa mgeni duniani, twakushukuru kwa kuwa ulitutafuta tulipokuwa mbali. Utusamehe sadaka tulizozitoa kwa kujifurahisha nafsi zetu. Uwakumbuke walio njiani usiku huu, katika lori, katika mashua, katika pori na katika kambi. Utupe mikono ya kutoa, na masikio ya kusikia kwanza. Uwapo mlangoni petu bila jina, utujalie tukuulize haja yako, na kukupa kile unachokihitaji. Amina.